Tope la Gazi

Maji yakipwa Gazi, pwani ya Kwale, ghuba huacha tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Mgeni huziba pua. Asubuhi moja niliwakuta vijana wakisafisha ufuo, nami nikashika reki, nikaanza kukokota majani ya bahari yaliyoachwa na bamvua. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniita. "Mwanangu, hayo yaache. Okota chupa."

Maneno yale hayajanitoka. Ni mara ngapi tumekiita uchafu kile ambacho bahari inakihitaji, na uchafu wenyewe tukauzoea? Majani yale yakioza hulisha kaa na wadudu wa mchangani. Yakilala ufuoni huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Chupa ya plastiki hailishi chochote. Lakini mwenye kiwanja cha ufuoni akisema anasafisha, huanza na majani akamalizia na mikoko, apate kuiona bahari vizuri. Huko si kusafisha, ni kuvunja nyumba ya watu.

Ingia mikokoni, uiname. Katikati ya mizizi iliyojikita topeni kama miguu ya kaa, maji yamebaki kidogo, kidimbwi kisichozidi sinia. Ndani mna visamaki vidogo kama ukucha, vinakimbilia nyuma ya mzizi kila kivuli chako kinaposogea. Samaki wengi wanaovuliwa nje, changu wakiwemo, hukulia humu na kwenye majani ya bahari kabla ya kwenda mwambani. Tope tunalolizibia pua ndilo lililowalea.

Gazi iliwahi kulipia ukataji wa mikoko. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani, na mahali pengine pakabaki peupe. Kupanda upya kulianza 1991: mtu magoti topeni, mbegu ndefu ya kijani mkononi, anaichomeka, anasogea hatua moja, anachomeka nyingine. Leo, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, unaouza hewa ya ukaa, vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117, na fedha zake zimesaidia maji na shule. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo moyo wangu uko zaidi kwa wale waliochomeka mbegu zaidi ya miaka 20 kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Na ghuba haiishii ufuoni. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni humwaga maji humu, na udongo wa shamba lisilo na makinga ukishuka na mvua, hufunika majani ya bahari. Mkulima wa bara naye ana sehemu yake katika samaki wa Gazi, hata kama hajawahi kupanda ngalawa.

Siku ile nilijaza gunia la chupa na vifuniko. Kisha mimi na vijana tukayabeba majani tuliyoyakokota, tukayatandaza tena pale pale tulipoyatoa.