Bumu Lilikwisha, Deni Likabaki

Simu inayoingia kwa namba isiyo na jina haipokelewi hapa Chekereni, Moshi. Angalau haipokelewi na vijana wetu waliomaliza chuo. Inaweza kuwa mtu wa benki, au shangazi aliyebadilisha laini, lakini wao wameshaamua kuwa ni Bodi.

Ukisema Bodi mbele ya msomi wa umri wao hakuna anayeuliza bodi gani. Ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Ndiyo iliyowalipia ada, ikawapa bumu la chakula na malazi, na sasa inadai chake.

Mmoja wao nilimkuta kwenye jaruba la mjomba wake, suruali imekunjwa hadi magotini, anapandikiza mpunga. Ana shahada ya ualimu tangu 2018. Anajitolea kufundisha sekondari, siku nyingine anaendesha bodaboda ya watu, msimu ukifika anaingia kwenye tope.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba baba. Hivi deni la Bodi umeshaangalia limefika wapi?”

Akacheka, akainama tena. “Naliogopa mzee. Nikishaliangalia tu, litakuwa langu.”

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Waliokuwa wamesaini wakijua watakatwa 8 walikatwa 15 vilevile. Mwenye mshahara wa msingi wa laki 7 akawa anaacha 105,000 kila mwezi, kabla hajagusa kodi ya nyumba. Asiye na ajira naye alikuwa na yake: tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyepitisha miezi 24 baada ya kumaliza chuo bila kuanza kulipa. Chukua deni la milioni 8. Adhabu peke yake ni laki 8, na tozo kwa mwaka ni 480,000. Mtu amekaa kwao, hajapata hata kibarua, na deni linanenepa.

Kilichonishangaza pale jarubani ni kwamba kijana wangu bado anaishi katika hesabu hizo. Hakuwa na habari kwamba mambo yamebadilika. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ile ya asilimia 6, na baadaye mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Deni lilibaki, lakini mbolea yake iliondolewa. Yeye aliendelea kulikimbia kana kwamba bado linakua usiku na mchana.

Kwa hiyo la kwanza ni kuomba taarifa ya deni. Taarifa hiyo ndiyo itakayokuonyesha ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani na umebakiza nini. Aliyeajiriwa aiweke kando ya hati zake za mshahara, maana kukatwa ni jambo moja na makato kufika Bodi ni jambo jingine. Wapo waajiri wanaokata na kukaa nayo. Ukiona mwezi haupo, uliza ungali na karatasi mkononi. Ukiona umekatwa hata baada ya kumaliza, dai urejeshewe. Ukimaliza kabisa, omba barua ya kuthibitisha hivyo, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na tafadhali, usiende kuchukua mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, ili ulipe Bodi. Nimeona watu wenye akili zao wakifanya hivyo kwa sababu tu jina lao limetajwa kwenye orodha ya wadaiwa. Deni lisilokua unaligeuza kuwa deni linalodaiwa kila jioni mlangoni.

Kwa asiye na ajira rasmi jambo ni gumu zaidi, na hapa nina ugomvi kidogo na utaratibu wenyewe. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au kiasi kisichopungua laki moja kwa mwezi. Kwa mwezi! Mkulima wa mpunga hana mwezi, ana msimu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, ulituletea mifereji na majaruba yaliyopimwa, lakini maji ya Mto Rau yanagombewa tangu huko juu, na wa mwisho kwenye mfereji anaweza kupitisha msimu mzima bila kupanda. Mtu wa namna hiyo ukimdai laki moja kila mwisho wa mwezi, umemfundisha kuzima simu.

Wenye maduka ya pembejeo walishalijua hilo zamani. Wanatoa mbolea leo, wanalipwa mpunga ukishavunwa. Maji yakikata, mdaiwa anakwenda mwenyewe dukani mapema, anasema hali ilivyo, wanapanga upya, na mwakani anakopeshwa tena. Anayenyimwa ni yule aliyepita njia ya nyuma asionekane. Sioni kwa nini Bodi isiwe na mpango wa kulipa kwa msimu kwa vijana walio mashambani. Wenzetu Kenya wanatoza faini ya shilingi 5,000 zao kwa kila mwezi wa kuchelewa, na bado imebidi mara kwa mara wafute sehemu kubwa ya faini hizo ili watu wajitokeze. Vitisho vina mwisho wake.

Lakini nisiwatetee vijana kupita kiasi. Fedha inayorudi ndiyo inayomkopesha mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Kisha yupo mdhamini. Fomu ya mkopo haikusainiwa na mwanafunzi peke yake. Mama wa yule kijana wa jarubani, anayeuza ndizi sokoni, jina lake limo, na yeye hana habari na miezi 24 wala asilimia 15. Anajua tu kwamba mwanawe alisoma.

Bodi ina ofisi ya kanda Arusha. Kutoka Moshi mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nenda na kitambulisho cha NIDA, sema unalima mpunga, taja mwezi mnaovuna na kiasi unachokiweza, ukaombe mpango ulioandikwa. Wakikataa, nijulishe, nitaliandika hapa hapa.