Kutetea Usichokipenda

Mjumbe hauawi, husema watu, na wanadiplomasia wa uchumi wanaupenda msemo huo kupita kiasi: serikali imeamua, mimi nimefikisha. Lakini anayejadili riba, ushuru au masharti ya mkopo habebi barua ya mtu. Yeye ndiye anayevisuka vifungu, na mara nyingi ndiye anayejua mapema kuliko mawaziri wake ni kifungu kipi kitakuja kuwaumiza watu. Je, dhamiri inamruhusu kuyatetea mapatano anayoyaona mabaya?

Mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliacha majibu mawili yanayoonekana kupingana. Juni 1919, akiiwakilisha Hazina ya Uingereza kwenye mkutano wa amani wa Paris, alijiuzulu kwa kuona Ujerumani inatwishwa fidia isiyolipika. Kabla ya mwaka kwisha akachapisha kitabu cha kuushutumu mkataba uliotokana na mkutano huo. Desemba 1945 alirejea kutoka Washington na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2. Alikuwa ametumaini kupewa msaada, au walau mkopo usio na riba, na juu ya hapo Marekani ilitaka pauni iruhusiwe kubadilishwa kwa dola ndani ya mwaka mmoja tangu mkopo uanze kutumika. Safari hii hakujiuzulu. Alisimama katika Baraza la Malodi akautetea.

Wapo watakaosema uzee ulimlainisha. Sidhani. Mwaka 1919 maonyo yake yalikuwa yamekwisha kupuuzwa, na kubaki kazini kungekuwa kunyamaza. Mwaka 1945 aliwaambia Malodi waziwazi, kabla hawajapiga kura, kwamba anasikitika kuwa mkopo una riba, kisha akawaeleza hali ya nchi bila mkopo huo. Deni la kwanza la mjumbe ni ukweli kwa waliomtuma. Akishaulipa, anaweza kutetea hata shauri chungu. Mtu atauliza: nchi iliyofilisika ina uchaguzi gani? Mdogo sana, lakini hata mwenye njaa ana haki ya kutajiwa bei. Ni kweli pia kwamba pauni ilipofunguliwa Julai 1947 dola zilikwisha kwa kasi, na baada ya wiki tano hivi ikafungwa tena. Hilo linathibitisha ubaya wa sharti; halionyeshi kwamba kujiuzulu kungeliondoa.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Mapatano yaleyale yaligusa fedha ambazo Uingereza yenyewe ilikuwa ikidaiwa na India, Misri na makoloni, yakitazamia kwamba sehemu ya madeni hayo ifutwe. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi iliyofungwa kwenye pauni, na akiba yake ikiwekwa London, hivyo nazo zilikuwa miongoni mwa wadai. Watu wa nchi zote hizo hawakumtuma Keynes, naye hakuwa na baraza lao la kulieleza lolote. Uaminifu wake kwa Malodi, hata ungekuwa kamili, haukuwafikia, na sioni jinsi mjumbe mmoja mwadilifu angeweza kuliziba pengo hilo: lilihitaji wajumbe wengine mezani.