Tufe Lenye Majibu

Je, faraja isiyojua lolote ni uongo? Magic 8 Ball, zawadi ya Kimarekani, ni tufe jeusi la plastiki; ndani mna dadu yenye pande 20. Unauliza, unaligeuza, jibu linaelea kwenye kidirisha. Majibu 10 ni ya kukubali, 5 ya kukataa, 5 ya kusitasita.

Tulilijaribu nyumbani. Tulipouliza habari za mvua, tulicheka. Kisha binti yangu akauliza kama bibi yake, aliyelazwa hospitalini, atapona. Likajibu ndiyo. Hakuna aliyecheka.

Tufe halidanganyi, kwani halina nia. Uongo ni wetu, tukiligeuza tena na tena mpaka liseme tunalotaka. Mwenye hofu anastahili mtu wa kumwambia, "Sijui," kisha akabaki naye.