Saa Moja, Wanunuzi Wawili

Mwaka wa pili chuoni nilijisajili masomo ya krediti 80 katika muhula mmoja. Kawaida yetu ilikuwa 60. Niliongeza masomo ya kompyuta kwa sababu nilisikia kwamba mhitimu wa fizikia asiyejua kuandika programu ataishia kijiweni, na kwa sababu nyumbani Buzebazeba mdogo wangu alikuwa anasubiri nimalize ili zamu ya ada ije kwake. Mama hununua dagaa alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi na kuwauza soko la Mwanga. Kila nilipofikiria kupunguza masomo, niliiona ndoo kichwani mwake. Yeye nani alimpunguzia?

Kinachonishangaza leo ni kwamba mimi, mwanafunzi wa fizikia, sikupiga hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi: mihadhara, maabara, kujisomea, vyote humo. Krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Krediti 80 zinavuka saa 53. Ongeza saa 12 za tuisheni niliyokuwa nafundisha mtaani, maana bumu halikuwahi kunifikisha mwisho wa muhula. Saa 65, na hapo sijapika, sijafua, sijapanda daladala.

Wenzangu waliniita jembe. Nilifurahi.

Alhamisi moja tulikuwa maabara tukipima jinsi mionzi ya gama inavyopungua inapopita kwenye mabamba ya risasi. Vilihitajika vipimo kumi. Tulipofika cha sita nikatazama saa; watoto wa tuisheni walikuwa wananisubiri. Mchoro ulishaonyesha unakoelekea, kwa hiyo vinne vilivyobaki nikavijaza kwa kukisia, tena nikavitia kasoro kidogo vifanane na vya kweli. Mwenzangu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akisoma maelekezo peke yake kwa niaba yetu wawili, alinitazama, kisha akasaini. Ripoti ilipata alama nzuri. Hakukaa nami meza moja tena.

Nimejiuliza mara nyingi ule uongo ulianza lini. Nadhani ulianza wiki ya kwanza, niliposaini fomu ya usajili. Kila somo ni ahadi ya saa fulani, na baadhi ya saa hizo ni za mtu mliyepangwa naye. Mama akiuza ndoo moja ya dagaa kwa wateja wawili, Mwanga nzima itamwita tapeli kabla ya adhuhuri. Mimi niliuza saa moja mara mbili, nikasifiwa kwa bidii.

Lakini pia sitaki kujifanya nimelimaliza swali. Ushauri wa "chukua unachoweza" mara nyingi hutolewa na mtu ambaye akichelewa mwaka mmoja, hakuna mdogo wake atakayekosa ada. Nilipokuja kumsimulia Mama, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema siku za mbalamwezi huwa haendi Kibirizi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa.

"Siku hizo nalala, mwanangu. Ulidhani sipumziki?"

Kweli nilidhani hivyo. Ndoo niliyokuwa naiona kichwani mwake haikuwa na mwezi wala usingizi. Niliitengeneza mwenyewe, huko Dar es Salaam.

Sasa nasoma shahada ya uzamili. Muhula ulipoanza alinijia binti wa mwaka wa pili, mtu wa Kasulu, na orodha ya masomo manane. Tulikaa kantini tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ileile. Ikatoka saa 56 kwa wiki. Akaitazama muda mrefu.

"Sasa kaka, nikichelewa, baba nitamwambia nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Alikata somo moja, yaliyobaki akayaacha kama yalivyo, akaniomba nimwazime daftari langu la kwanta.