Rizista

Jumamosi nilifungua usukani wa gari langu nyumbani, nibadilishe ule uliochakaa. Nilitoa waya hasi wa betri, nikangoja robo saa. Wengi hudharau huko kungoja, lakini mfumo wa eabegi hubaki na akiba ya umeme hata betri ikitolewa. Ukiharakisha, inaweza kukulipukia usoni.

Nikatoa kifuniko polepole, nimekielekeza mbali na mwili kama mtu aliyebeba bomu. Kilikuwa chepesi mno. Kuangalia ndani, hola! Hakuna mfuko. Kulikuwa na rizista ndogo tu, imeungwa kwenye waya ili kompyuta ya gari iamini mfuko upo, na taa ya dashibodi izime. Miaka mitatu nimepita Thika Road nikiiamini taa hiyo.

Fundi wangu hakushtuka. "Rudisha vile ilikuwa, uuze. Si hata wewe uliuziwa hivyo?"

Swali lake limenikaa. Aliyeniuzia huenda naye hakujua. Gari ni lile lile, lakini mimi wa Ijumaa ningeliuza bila kosa. Mimi wa Jumamosi siwezi. Kujua kumenitia deni. Na ninayedaiwa naye ni mtu nisiyemfahamu, atakayegundua siku ambayo hatapata hata nafasi ya kulalamika.

Rizista nimeitoa. Taa sasa inawaka. Mnunuzi akiuliza, nitamwambia. Asipouliza, nitamwambia vilevile. Bei itashuka. Sawa tu.