Suali la Mama Mshona Kofia

 

Ndugu Waislamu, mama mmoja katika majirani zetu wa Mji wa Kale, Mombasa, ametuletea suali alilokaa nalo tangu mwaka 2020. Asema kuwa mwezi wa Aprili mwaka ule, njia za kuingia na kutoka Mombasa zilipofungwa kwa sababu ya Korona, nduguye alifariki Lamu, naye hakuweza kwenda kumtazama uso. Mwezi wa Mei ukafungwa na mtaa wenyewe. Misikiti imefungwa, tarawehe zasaliwa majumbani, na Idd ikamkuta angali ndani. Katika siku hizo alitoa kikapu cha mamake, akatia uzi sindanoni, akaanza kushona kofia ya viua kama alivyofunzwa Lamu utotoni. Akapata utulivu ambao, kwa maneno yake, hakuupata hata juu ya mswala. Sasa aogopa. Auliza: moyo uliotulia kwa uzi si moyo ulioghafilika na Mola wake?

Tulipolisoma suali hili darasani, twakiri kuwa baadhi yetu walicheka. Kisha tukanyamaza, kwani tulikumbuka hali zetu sisi wanaume katika miezi ile. Wengi wetu tulishinda na simu mkononi, habari moja ya uwongo hatujaimaliza tushapeleka ya pili: mara dawa ni kitu fulani, mara maradhi haya hayampati Muislamu. Hili la pili lilikuwa baya zaidi. Tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, iliwachukua masahaba watukufu, akiwamo Abu Ubaida bin Jarrah na Muadh bin Jabal. Ni nani katika sisi aliye bora kuliko hao?

Basi jawabu letu ni hili. Kukaa kwake nyumbani kulikuwa ni twaa. Mtume ametukataza kuingia nchi iliyoshukiwa na tauni, na ametukataza kuikimbia ikiwa tumo ndani yake. Na katika Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) imekuja kuwa mwenye kukaa pale alipo kwa subira, akijua kuwa halimpati ila aliloandikiwa, hupata mfano wa ujira wa shahidi. Wala hakushurutishwa akae mikono mitupu.

Ama kushona, Bibi Aisha huyo huyo aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake. Na katika riwaya nyingine, kwamba alikuwa akishona nguo yake na viatu vyake. Hapa twawaomba waume wa mji huu wasimame kidogo, maana wako katika sisi ambao kifungo cha kanzu kikikatika hungoja wiki nzima mke apate nafasi. (Husemwa pia kuwa Nabii Idris alikuwa mshonaji. Isnadi ya habari hiyo ni dhaifu, na hatuna haja nayo tukiwa na iliyo sahihi.)

Na ule utulivu je? Kofia ya viua yataka wiki nyingi, pengine miezi. Kila kitundu huzungushwa uzi peke yake. Ukiharakisha, uzi wakatika. Ukivuta kwa nguvu, kitambaa chakunjana. Jicho na mkono vikishikwa na kazi kama hiyo, moyo nao huacha kukimbia huku na huku. Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakuna aliyesema kuwa machozi yale ni upungufu wa imani. Huzuni si dhambi, na kilicho halali kinachoipoza ni rehema.

Juu ya mswala hakuona utulivu huo. Hilo lisimtishe. Sala hatukufaradhiwa kwa ajili ya ladha yake. Aliyesali na majonzi yake amesali. Tulimuuliza kama sindano ilimpitishia wakati wa sala hata siku moja. Akasema la, na kwamba alikuwa akimuombea nduguye huku mkono ukienda. Lau angejibu vingine, nasi tungejibu vingine. Lakini asije mtu kesho akatuzulia uradi wa sindano, wenye hesabu ya viua na thawabu zake! Dua ni dua, na kofia ni kofia.

Limebaki neno moja. Kofia ile ilikwisha, naye aliipima kwa kukumbuka kichwa cha nduguye. Tangu siku hiyo imo sandukuni. Kuiuza hawezi, na kuivisha mtu mwingine aona kama khiyana.

Mtume aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wapimana mikono. Alipofariki Bibi Zainab binti Jahsh, mwaka wa 20 wa Hijra, wakajua kuwa urefu ule ulikuwa ni wa sadaka, kwani Zainab akitengeneza ngozi na kuzishona kwa mkono wake, na alichokipata akikitoa. Imepokewa kuwa alijiwekea sanda yake mwenyewe, akausia kuwa Sayyidna Umar akileta nyingine, moja katika hizo itolewe sadaka. Umar akaleta. Zainab akakafiniwa kwa ile ya Umar, na sanda aliyojiwekea akaitoa Hamna, nduguye, kwa niaba yake.

Kofia hiyo yamtosha mtu mzima, na kitambaa cheupe kikikaa sandukuni hugeuka manjano.