Ukuu wa Mji Mkuu

Mji mkuu huwa mkuu kwa sababu gani? Mmoja atasema ni wingi wa watu, mwingine majumba marefu, wa tatu kiwanja cha ndege. Kwetu sisi wa Tshangalele, tulio mbali na Kinshasa, swali hili si la ramani tu. Ni swali la haki.

Zamani za ukoloni mji mkuu wa Kongo ulikuwa Boma. Lakini mwaka wa 1898 reli ya Matadi ilifika Leopoldville, mahali ambapo mto unaanza kupitika kwa meli hadi Kisangani. Hapo njia ya bahari na njia ya bara zikakutana. Basi amri ya mwaka wa 1923 ikauhamishia mji mkuu pale, nao tangu 1966 waitwa Kinshasa. Addis Ababa nayo ilipata sifa kubwa mwaka wa 1963, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana humo kuanzisha umoja wao. Kumbe, ulimwengu huujua mji kwa sababu njia za watu hukutana humo.

Lakini kukutana hakutoshi. Barabara za Roma zilipitisha majeshi, zikapitisha pia wahubiri wa Injili. Yatupasa kuuliza: njia inapitisha nini, na kwa faida ya nani?

Mfano tunao hapa hapa. Mwaka wa 1930 maji ya Lufira yalizuiwa pale Mwadingusha, ziwa letu likaenea, na umeme ukaenda kwenye viwanda vya shaba. Mwaka wa 1982 waya mkubwa ukaanza kuleta umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Umeme wa namna ile haugawanywi njiani kwa urahisi. Basi ukapita juu ya vijiji vingi vilivyobaki na vibatari vyao. Anayetazama ramani atasema nchi imeunganishwa. Je, mama anayepika gizani chini ya waya ule, ameunganishwa na nini?

Labda mtu atajibu: mji mkuu sharti upate nguvu kwanza, ndipo usaidie wengine. Ni kweli, moyo dhaifu haufai kitu. Lakini moyo hupokea damu ili uirudishe mwilini. Ukiizuia, viungo vyafa, na moyo wenyewe hauponi. Mtakatifu Paulo alifundisha kwamba viungo vyote vyahitajiana; na Bwana wetu Yesu Kristu aliwaambia mitume kwamba aliye mkubwa awe mtumishi. Sheria hiyo yaihusu miji kama inavyowahusu watu.

Tena tusiinyoshee kidole Kinshasa peke yake. Kwa mvuvi wa Tshangalele, Likasi ndiyo mji mkuu wake. Huko hupeleka samaki, huko hupeleka mgonjwa, huko hutafuta karatasi za serikali. Je, analipwa bei ya haki? Anapokewa kama ndugu, ama anaambiwa arudi kesho, na kesho tena? Anayekaa mezani au sokoni mjini, naye ni njia. Siku mvuvi yule atakaporudi kwake na haki yake mkononi, siku hiyo mji umekuwa mkuu.